Bustani ya makumbusho ni nini?

Bustani ya makumbusho ni eneo la wazi mjini ambamo miti, majengo ya makumbusho na sanaa ya nje vimepangwa ili vitazamwe na kueleweka pamoja. Sanamu moja katikati ya nyasi haitoshi. Kilicho nje lazima kihesabiwe kuwa sehemu ya mkusanyiko: kiwe na namba kwenye daftari, kibao cha maelezo, na mtu anayewajibika kukitunza.

Nairobi, mfano mzuri ni Makumbusho ya Taifa pale Museum Hill. Uani amesimama Ahmed, ndovu wa Marsabit aliyewekewa ulinzi kwa amri ya rais mwaka 1970, akafa 1974. Huyo wa nje ni sanamu ya fibaglasi, yaani plastiki iliyotiwa nyuzi za kioo. Mifupa yake yenyewe iko ndani. Mtoto akishamzunguka uani, kisha akaingia kuitazama mifupa, anaelewa ukubwa wa mnyama yule kuliko angesoma tu ukutani. Jirani kuna bustani ya mimea na hifadhi ya nyoka iliyofunguliwa 1961.

City Park, kule Parklands, ina msitu wa asili, na kaburi la Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya, limezungukwa na sanamu za akina Elkana Ong'esa na Francis Nnaggenda. Lakini mkusanyiko wa sanaa wa Murumbi uko Nairobi Gallery, katikati ya jiji. Ni hasara kubwa, kwa sababu ni rahisi kuziona sanamu zile bila kujua aliyezipenda alikuwa nani.

Sanaa ya nje huharibiwa sana na shughuli za bustani yenyewe. Mashine ya kukata nyasi humega kitako cha sanamu, kwa hiyo zungusha ukanda wa kokoto wa sentimita 30 hivi. Maji ya kunyunyizia yakiipiga kila siku huacha madoa meupe ya chumvi. Yaelekezwe kwenye mizizi. Jiwe la Kisii ni laini, hata ufunguo hulichora, basi lisikae ukingoni mwa njia. Mbao zikigusa udongo huliwa na mchwa. Zikalishwe juu ya zege. Shaba nyeusi (bronzi) huoshwa kwa sabuni isiyo kali, ikikauka ikapakwa nta, kila mwaka kabla ya mvua za Machi.

Fibaglasi ndiyo hudanganya. Inaonekana imara kumbe ndani ni tupu, na watu wakiipanda hupasuka. Ufa uzibwe ungali mwembamba, maana maji yakituama ndani hutia kutu vyuma vinavyoishikilia.