Kwa nini fundi wa gauni la harusi hutoza pesa nyingi na bado hatajiriki?

Pita Kariakoo uulize bei ya satini kwa mita, kisha nenda kwa fundi anayebuni magauni ya harusi uulize bei ya gauni zima. Lazima utapiga hesabu kichwani. Satini mita kumi, lesi mita tatu, bitana, zipu, uzi, shanga kidogo: jumla haikaribii hata kidogo alichokutajia. Hela nyingine inaenda wapi? Ajabu ni kwamba fundi mwenyewe, akifunga daftari lake mwisho wa mwaka, mara nyingi naye hulitafuta jibu hilo hilo.

Kitambaa ndicho kitu rahisi kuliko vyote kwenye gauni linaloshonwa kwa vipimo vya mtu mmoja. Kinachokula pesa ni saa za mikono, na juu ya saa kuna tarehe. Gauni la Krismasi likichelewa, utalivaa mwaka mpya. Gauni la harusi likichelewa siku moja halina kazi tena. Gharama nyingi za studio ndogo ni za kuilinda siku hiyo moja, na mteja hazioni.

Tuanze na saa. Wengi hawajui kwamba gauni zuri la harusi hushonwa mara mbili. Baada ya kukuchukua vipimo, fundi mwangalifu hagusi hariri wala lesi. Hukata kwanza gauni la majaribio kwa kitambaa cha bei nafuu, kwa kawaida marekani, ile pamba ghafi isiyopaushwa. Hilo ndilo unalovishwa mara ya kwanza, bila urembo wowote, na fundi anakuzunguka na pini na kalamu: hapa abane, hapa aachie, bega moja liko chini kuliko jingine (karibu sisi sote tuko hivyo), mgongo umepinda kidogo. Mistari yote hiyo huichukua akaihamishia kwenye karatasi ya mkato, na gauni la pamba likafumuliwa. Siku nzima za kazi zimekwenda na hakuna kitu cha kumwonyesha mama wa bibi harusi.

Anajisumbua hivyo kwa sababu vitambaa vya harusi havisamehe. Tafeta na satini ya hariri vikichomwa na sindano, tundu hubaki. Ukifumua mshono ukaushona nusu sentimita pembeni, alama ya mshono wa zamani inaonekana kwenye kila picha. Tone la maji linaacha doa. Pasi ya moto mno inang'arisha kitambaa mahali pamoja na huwezi kukirudisha. Hata weupe una shida zake: jora mbili za rangi inayoitwa jina moja zinaweza kupishana, moja ikavuta kwenye umanjano, na ukiziunganisha kwenye mwanga wa jua gauni linakuwa na viraka. Ndiyo maana fundi hununua kitambaa chote cha gauni kutoka jora moja, na cha ziada, hata kama ziada hiyo itaishia kwenye kabati.

Lesi nayo ina mambo yake. Gauni likiwa la bei ndogo, lesi hukatwa kama kitambaa kingine chochote na kupigwa cherehani, na mshono wa ubavuni unaonekana umekata maua katikati. Kwenye kazi nzuri fundi huchukua mkasi mdogo, akafuata ukingo wa ua moja baada ya jingine, akalaza maua ya upande huu juu ya upande ule na kuyashona kwa mkono mpaka mshono upotee. Penye shanga, inabidi shanga zilizo kwenye njia ya mshono zing'olewe kwanza, maana sindano ya cherehani ikikutana na shanga inavunjika, kisha zirudishwe moja moja baada ya kushona. Ukiona gauni lenye lesi iliyozunguka kiuno bila kuonyesha ilipoanzia, hapo ndipo pesa yako ilipo.

Baada ya hapo huja safari za kujaribu. Mara mbili, tatu, wakati mwingine nne, na ya mwisho huwa karibu sana na harusi. Fundi atakuomba uje na viatu utakavyovaa siku yenyewe na nguo za ndani utakazovaa, si zile za kila siku. Hana maana ya kukusumbua: pindo la chini hupimwa kutoka sakafuni, na kisigino cha sentimita tano kikibadilika kuwa cha kumi, gauni lote linapanda na vidole vinaonekana.

Na mwili haukai. Bibi harusi hula kidogo, halali, anakimbizana na vikao vya kamati, ana kitchen party, ana send-off. Wengine hupungua, wengine huongezeka, na wengine huja na habari njema ambayo bado hawajamwambia mtu. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Lady Diana Spencer, aliyeolewa London tarehe 29 Julai 1981. Gauni lake lilibuniwa na David na Elizabeth Emanuel, mume na mke vijana waliokuwa na studio ndogo. Kati ya vipimo vya kwanza na siku ya harusi bibi harusi alikonda hivi kwamba sehemu ya juu ya gauni ilibidi ipunguzwe tena na tena. Waliandaa pia gauni la akiba, likae tayari endapo siri ya la kwanza ingevuja. Na pamoja na kujihami kote huko, tafeta ilijikunja ndani ya gari la farasi, na dunia nzima ikamwona akishuka na gauni lenye mikunjo. Mkia wa mita saba na nusu ndani ya gari dogo! Fundi yeyote wa Magomeni angekwambia tafeta ya hariri haitaki kukaliwa.

Kwa hiyo fundi huacha nafasi. Nguo ya kawaida huachiwa sentimita moja na nusu hivi ndani ya mshono. Gauni la harusi ubavuni huachiwa mbili na nusu au zaidi, ili liweze kufunguliwa. Huo nao ni muda, kwa sababu bitana na vile vijiti vyembamba vinavyosimamisha kifua lazima vipangwe kwa namna ambayo vinaweza kuondolewa na kurudishwa bila kubomoa kila kitu.

Sasa tupige hesabu, ya mfano tu. Studio ina watu wawili, kila mmoja anafanya kazi saa 40 kwa wiki, wiki 48 kwa mwaka. Hizo ni saa 3,840. Theluthi moja inamezwa na mambo ambayo hakuna anayeyalipia: kupokea wateja wanaokuja kuuliza tu, kujibu ujumbe wa WhatsApp saa nne usiku, kuzunguka madukani kutafuta lesi inayofanana na picha, kupiga pasi, kufagia. Zinabaki 2,560. Gauni moja likila saa 100, studio haiwezi kutoa zaidi ya magauni 25 kwa mwaka. Kodi ya chumba, umeme, mashine, mshahara wa watu wawili, vyote vinagawanywa kwa 25. Ukimpunguzia mteja mmoja kwa sababu ni binti wa shangazi, wale 24 waliobaki ndio wanaobeba.

Halafu hao 25 hawaji kwa mpangilio. Desemba kila mtu anaoa. Wakati wa Kwaresma na mwezi wa Ramadhani harusi hupungua na chumba kinakuwa kimya, lakini mwenye nyumba hafungi Kwaresma ya kodi. Jumamosi moja ya Desemba inaweza kuwa na wateja watatu, na fundi mwenye akili hukataa wa nne ingawa ana njaa ya hela, kwa sababu wote wanne watataka kujaribu mara ya mwisho wiki ile ile.

Jinsi fundi anavyoweza kushonea matajiri na bado asitajirike, hakuna anayeonyesha vizuri kuliko Ann Lowe, fundi wa magauni, mwanamke Mweusi wa Marekani, mzaliwa wa Clayton, Alabama. Alijifunza kwa mama na bibi yake; bibi huyo aliwahi kuwa mtumwa na alikuwa mshonaji. Mama yake alipofariki mwaka 1914 na kuacha magauni ya mke wa gavana hayajakamilika, Ann, kijana wa miaka kumi na sita hivi, ndiye aliyeyamaliza. Baadaye akafungua studio New York na kuwavisha mabinti wa familia tajiri kupindukia.

Mwaka 1953 alipewa kazi ya harusi ya Jacqueline Bouvier na seneta kijana aitwaye John F. Kennedy: gauni la bibi harusi pamoja na ya wasindikizaji wake. Gauni la bibi harusi peke yake lilitumia takriban yadi 50 za tafeta ya hariri, yaani mita 45 na ushee, na lilichukua kama miezi miwili kushonwa. Siku kumi hivi kabla ya harusi, bomba la maji likapasuka ndani ya studio. Gauni la bibi harusi na mengi ya wasindikizaji yakaharibika.

Angefanya nini? Kuahirisha hakuna. Alinunua kitambaa upya kwa hela yake, akaongeza wafanyakazi, wakashona usiku na mchana, na tarehe 12 Septemba bibi harusi akaingia kanisani Newport, Rhode Island, amevaa. Familia hakuiambia kitu. Kazi aliyotarajia imwachie faida ya dola 700 ilimwachia hasara ya dola 2,200. Magazeti yalilieleza gauni lile kwa kirefu, na New York Times haikulitaja jina lake.

Unaweza kusema ni bahati mbaya ya bomba. Mimi sioni hivyo. Bomba lilikuwa ajali, lakini faida ya dola 700 kwa kazi kubwa namna ile, ya familia zenye uwezo ule, ilikuwa ndogo tangu mwanzo. Lowe alipenda kazi kuliko hesabu, na alikuwa na bahati ya kuwa na mwanawe, Arthur, aliyemwekea vitabu vya fedha. Arthur alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1958, na baada ya hapo mambo yaliharibika haraka. Lowe alifanya kazi kwa duka kubwa la Saks Fifth Avenue, na baadaye akaja kueleza kwamba kuna magauni aliyolipwa dola 300 wakati yeye mwenyewe ameyatia kama dola 450. Aligundua akiwa ameshachelewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 deni lake la kodi ya serikali lilikuwa zaidi ya dola 12,000, na likalipwa na mtu ambaye hakujitaja. Aliyevisha matajiri wa nchi tajiri kuliko zote alishindwa kwa sababu hakuna aliyekaa na kalamu kuhesabu saa.

Ukiijua habari hiyo, masharti ya studio za leo yanaeleweka. Advansi ya nusu kabla ya mkasi kugusa kitambaa, kwa sababu gauni lililokatwa kwa kifua chako halimtoshi mtu mwingine, na uchumba ukivunjika fundi anabaki na hariri yenye umbo la mtu asiyekuja. Sehemu ya pili hulipwa siku ya kujaribu. Iliyobaki hulipwa kabla gauni halijatoka mlangoni, maana baada ya harusi hakuna kitu kigumu kama kudai. Mabadiliko ya mtindo baada ya kukata hulipiwa peke yake, na hili wateja hulichukia kuliko yote, hasa dada mkubwa akishafika na picha mpya kwenye simu.

Hii pia ndiyo sababu maduka mengi ya maharusi mijini kwetu hukodisha badala ya kushona. Gauni la kukodisha likishonwa au kununuliwa mara moja linatoka Jumamosi hii, linafuliwa, linatoka tena wiki ijayo. Huwa na kamba za kufunga mgongoni badala ya zipu, ili liwatoshe watu wa saizi tofauti. Baada ya harusi chache limerudisha gharama yake, na kila linapotoka tena ni faida. La kushonwa huingiza hela mara moja tu, halafu linakwenda kukaa juu ya kabati la mwenyewe.

Studio za kushona zinazodumu huwa na mlango wa pili wa kuingiza hela. Wengine hushona magauni ya send-off na ya wasindikizaji, ambayo hayana lesi ya kukata ua kwa ua. Wengine hurekebisha magauni yaliyonunuliwa mtandaoni na kufika yakiwa marefu, mapana au na kifua cha mtu mwingine kabisa. Kazi hii wabunifu huionea aibu kidogo, hutaiona kwenye kurasa zao za Instagram, lakini kwa saa inalipa vizuri: kitambaa ni cha mteja, hakuna gauni la majaribio, vipimo viko mwilini mbele yako, na mteja ana haraka hivi kwamba hulipa siku ile ile.