Tumbo Halikazwi Mapema: Mkao na Misuli ya Mwimbaji

Kwenye mazoezi ya kwaya, kaswida na taarab hapa Tanga, agizo moja halikosekani: "Kaza tumbo!" Mwimbaji hutii. Hulibana tumbo kabla hajavuta pumzi, na ubeti haujafika nusu mabega yamepanda, pumzi imekata na sauti inakwaruza. Agizo lina ukweli ndani yake, ila linakuja mapema mno.

Unapovuta pumzi, kiwambo, yaani ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, hushuka. Kwa pumzi ya kawaida hushuka sentimita 1 au 2 tu; kwa pumzi ya kina huweza kukaribia 10. Kikishuka husukuma vilivyomo tumboni, navyo havina pa kwenda isipokuwa mbele na pembeni. Tumbo likiwa limebanwa, kiwambo hukwama, na hewa hutafutwa juu: misuli ya shingo hunyanyua mabega na mbavu za juu. Misuli hiyo inapakana na zoloto, yaani kisanduku cha sauti, kwa hiyo ugumu wake huhamia huko.

Mapafu yakishajaa, mambo hugeuka. Mbavu na mapafu hutaka kurudi vyenyewe, na hewa husukumwa nje kwa nguvu kuliko inayohitajiwa na noti ya kwanza. Mwanzoni mwa mstari, basi, kazi ya mwimbaji ni kuzuia. Misuli iliyopanua mbavu iendelee kuzishikilia wazi huku sauti ikitoka, na tumbo liingie ndani taratibu kadiri hewa inavyopungua. Hapo ndipo pa kukaza, tena kidogo kidogo.

Weka viganja kwenye mbavu za chini, vidole gumba nyuma. Legeza tumbo, vuta pumzi kwa hesabu ya 4. Viganja vitanuke, mabega yatulie. Toa "sss" nyembamba kwa hesabu ya 12, na hadi hesabu ya 8 mbavu zisianguke. Rudia mara tano, ukipumzika kati ya zamu. Kizunguzungu kikija, acha. Ikiwa "sss" inaanza kwa kishindo kisha inafifia, umeachia mbavu mapema. Ikitoka sawasawa siku kadhaa mfululizo, ongeza hesabu 2.

Haya yote hutegemea mifupa imekaaje. Ukisimama, miguu iachane kwa upana wa nyonga na magoti yasisukumwe nyuma yakajifunga. Magoti yaliyojifunga hupinda kiuno na kuvuta ukuta wa tumbo, na mtu akikaa hivyo muda mrefu bila kusogeza miguu, damu hutuama chini. Wanakwaya wanaoanguka katikati ya ibada ndefu mara nyingi wamesimama hivyo.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5. Masikio yakiwa juu ya mabega, uti wa mgongo huubeba uzito huo bila shida. Kidevu kikitangulia mbele, misuli ya shingo hubaki ikikishikilia kichwa muda wote. Na kuna mazoea ya kuinua kidevu kila noti ya juu inapokuja, kana kwamba noti hiyo iko darini. Noti hupanda kwa sababu nyuzi za sauti zimenyooshwa na misuli midogo ya zoloto. Kidevu hakihusiki, na kukiinua huivuta misuli ya mbele ya shingo. Fundi mitambo naye ana sehemu yake: stendi ya maikrofoni ishuke hadi usawa wa mdomo, mwimbaji asiifuate juu.

Wasomaji wa kaswida hukaa mkekani, kitabu pajani. Kichwa huinama, mgongo hujikunja, mbavu za chini hukandamiza tumbo. Kunja mto au busati upate unene wa sentimita 5 hadi 8, ukalie ili magoti yawe chini kuliko nyonga, na kitabu kiinuliwe hadi usawa wa kifua. Kwenye kiti cha plastiki, ambacho huinamia nyuma, kaa nusu ya mbele na nyayo zote mbili ziguse sakafu.

Kibwebwe kina neno lake. Kikifungwa nyongani hakimdhuru anayeimba huku akicheza. Kikipanda juu ya kitovu na kukazwa, kinafanya kosa lile lile la kubana tumbo, na safari hii hakuna namna ya kulilegeza katikati ya wimbo.

Taya na ulimi havihitaji maneno mengi: shina la ulimi limeshikana na mfupa ulio juu ya zoloto, hivyo ulimi ukirudi nyuma huligandamiza zoloto. Ncha yake ikae nyuma ya meno ya chini kwenye irabu zote.

Maumivu ya koo baada ya kuimba si dalili ya bidii. Tangawizi hupitia njia ya chakula na haizigusi nyuzi za sauti, kwa hiyo haiwezi kurekebisha kosa la mkao. Nyamazisha sauti siku moja au mbili, kisha anza upya kwa "sss". Ukwaruzaji ukipita wiki tatu, muone daktari wa masikio, pua na koo.