Ndui iliishia kwa mpishi wa hospitali

Tukiuliza watu ndui iliishaje duniani wengi wanajibu kila mtu alichanjwa, na sio kweli. Kilichoimaliza ni kazi ya mtaani, unamtafuta mgonjwa nyumba kwa nyumba, unamtenga, alafu unawachanja wote waliomkaribia pamoja na majirani, yani ugonjwa unakosa pa kwenda. Nigeria mwishoni mwa 1966 chanjo zilikuwa chache, daktari William Foege na wenzake ikabidi wazipeleke palipo na wagonjwa tu, na ndui ikakatika hata kabla wengi hawajachanjwa.

Sasa twende Merca, mji wa pwani ya Somalia, Oktoba 1977. Gari lenye watoto wawili wagonjwa wa ndui lilipita hospitali kuulizia njia ya kwenda kambi ya kutengea wagonjwa, na Ali Maow Maalin, mpishi pale hospitali, akapanda kuwaonyesha, safari ya dakika chache tu. Siku kama 10 baadae homa ikampanda, kwanza ikadhaniwa malaria, vipele vilipotoka wakasema tetekuwanga akaenda zake nyumbani, na huko marafiki wakawa wanakuja kumjulia hali, manake ni mtu aliyependwa.

Ilipojulikana ni ndui, watu walikimbia na muda kweli. Chanjo ya ndui ilikuwa na sifa moja nzuri sana, ukichanjwa ndani ya siku 3 au 4 baada ya kukutana na mgonjwa bado inakukinga, kwa hiyo kila saa ilikuwa na thamani. Hospitali ikaacha kupokea wagonjwa wapya, polisi wakasimama barabarani kuzuia watu wasitoke bila chanjo, timu zikapita nyumba hadi nyumba, wakapatikana watu 161 waliokuwa karibu naye na ndani ya wiki 2 wakachanjwa zaidi ya 54,000. Hakuna hata mmoja aliyeugua. Maalin akapona, akawa mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida, na tarehe 8 Mei 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza imeisha.

Kinachoniuma mimi ni kwamba alikuwa mfanyakazi wa hospitali, tena aliwahi kufanya kazi ya kuchanja wengine, ila yeye mwenyewe alikwepa chanjo kwa kuogopa maumivu na hakuna aliyegundua. Ndio maana mimi nikienda kukagua kituo cha afya siangalii madaktari na manesi tu, naulizia jikoni, getini, kwa mfua nguo na dereva, kwa sababu hao wanagusana na wagonjwa kila siku na kwenye orodha za chanjo mara nyingi hawamo.

Baadae Maalin aliingia kwenye kampeni ya polio Somalia, na akikutana na mzazi anayekataa mtoto asichanjwe anakaa naye anamsimulia yaliyompata yeye. Aliifanya kazi hiyo mpaka alipofariki mwaka 2013.