Faili la Base si ghala: ninavyounganisha LibreOffice na MariaDB

Karani wa chama kimoja cha akiba na mikopo alinipigia simu Jumamosi akiwa nyumbani kwake. Alikuwa amenakili faili la wanachama la Base, programu ya hifadhidata iliyomo ndani ya LibreOffice, kwenye flashi ili amalizie kazi mwisho wa wiki, lakini kila alipobofya jedwali aliambiwa kuwa seva haipatikani. Nilimwuliza ukubwa wa faili, akasema halifiki hata kilobaiti 100, kisha akanyamaza, kwa maana marejesho ya miaka yote ya wanachama zaidi ya 4,000 hayawezi kuenea humo. “Sasa kaka, wanachama wangu wako wapi?” Nikamjibu, “Wako ofisini, dada, hawajatoka hata siku moja.”

Kosa lake lina asili yake. Base inaweza kuhifadhi data ndani ya faili lake yenyewe, kwa kutumia injini ndogo ya HSQLDB, na wengi wetu ndivyo tulivyojifunza. Lakini unapoiunganisha na seva ya MariaDB au PostgreSQL (programu zinazotunza data kwenye kompyuta kuu), faili lile lile la .odb hubaki na anwani ya seva, fomu, maulizo na ripoti tu. Mistari ya data yote hukaa kwenye seva. (Wanaokumbuka Jambo OpenOffice, tafsiri ya Kiswahili iliyotoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, watakumbuka pia kwamba haikuwa na Base. Base ilikuja na toleo la 2.0 la OpenOffice.org mwaka 2005, na LibreOffice ikairithi ilipojitenga mwaka 2010.)

Base hukupa njia tatu za kuifikia MariaDB: ya moja kwa moja, ya JDBC na ya ODBC (hizi mbili ni viunganishi vya kawaida kati ya programu na hifadhidata). Mimi huanza na ya moja kwa moja, kwa kuwa matoleo ya sasa huja na kiunganishi chake na hakuna cha kusakinisha. JDBC hudai Java pamoja na faili la .jar, ambalo lazima ulitaje katika mipangilio ya Java kisha uifunge LibreOffice yote na kuifungua upya, hatua ambayo husahaulika mara nyingi kuliko zote. ODBC naiacha kwa ofisi ambazo tayari zinaitumia kwa programu nyingine. Kwenye Windows, draiva ya ODBC ni lazima ilingane na LibreOffice yenyewe, biti 64 kwa 64 au 32 kwa 32, na kwa kichekesho kisichochekesha, programu ya kupangia zile za biti 64 ndiyo inayoitwa odbcad32.

Muunganisho ukigoma, mara nyingi tatizo liko upande wa seva. Kwenye Debian na Ubuntu, MariaDB husikiliza anwani ya 127.0.0.1 peke yake, yaani kompyuta ya seva yenyewe, hadi ubadilishe mstari wa bind-address katika mipangilio yake, kwa hiyo kompyuta ya mezani inaweza kubisha poti 3306 siku nzima bila kuitikiwa. Ukishaufungua mlango huo, litakuja jambo la akaunti: MariaDB humtambua mtumiaji kwa jina pamoja na mahali anapotokea, hivyo karani@localhost (aliye kwenye seva yenyewe) na karani@192.168.1.% (anayetokea kompyuta nyingine za mtandao wa ofisi) ni watu wawili, na nenosiri la mmoja halimsaidii mwenzake hata likiwa sahihi herufi kwa herufi.

Jedwali lisilo na ufunguo msingi, yaani safu inayotofautisha kila mstari na mwingine, hunisumbua zaidi, kwa sababu halitoi ujumbe wowote wa kosa. Hufunguka vizuri, data inaonekana, ila huwezi kuongeza wala kurekebisha mstari. Nimeshuhudia mtu akibadilisha haki za akaunti asubuhi nzima, wakati dawa ilikuwa kuongeza safu moja ya namba ya mwanachama na kuifanya PRIMARY KEY.

Wanaotaka kuandaa taarifa kwenye Calc, programu ya lahajedwali ya LibreOffice, nawapa akaunti yenye haki ya SELECT pekee, yaani kusoma tu. Wanabonyeza Ctrl+Shift+F4 kufungua orodha ya vyanzo vya data, wanaburuta ulizo hadi kwenye lahajedwali, na data ikibadilika kwenye seva wanaagiza eneo hilo lisomwe upya. Namba za simu zinazoanza na 07 hubaki na sifuri yake, almradi safu yake kwenye seva ni VARCHAR (ya maandishi), tofauti na zinapopitia faili la CSV ambako Calc huzidhania kuwa hesabu na kuikata.

Kuhusu nakala za akiba, zile za data huchukuliwa kwenye seva kila usiku kwa programu ya mariadb-dump, wala hazihitaji flashi ya mtu yeyote. Hata hivyo nilimwomba karani asilifute lile faili lake dogo bali alitunze ofisini mahali pa pili, kwani fomu zote alizozichora kwa miezi miwili zimo humo, na seva haina habari nazo.