Ubongo haufi kwa pigo moja: yasemwayo na yaliyo kweli kuhusu maji ya uti wa mgongo

Mlina asali anapoanguka kutoka juu ya mti katika misitu ya miombo ya Sikonge, au dereva wa bodaboda asiye na kofia ngumu anapojigonga kwenye lami ya Tabora mjini, waliokusanyika hawakawii kusema kwamba ubongo umeshakufa na kilichobaki ni kusubiri. Naiona dhana hii kuwa nzito kuliko zote, kwa sababu humfanya ndugu aone haraka haina maana.

Ukweli ni kwamba pigo lenyewe huua sehemu tu ya seli. Nyingine hubaki hai zikiwa zimejeruhiwa, na hatima yao huamuliwa katika saa na siku zinazofuata. Baadhi huvimba na kupasuka kwa kukosa damu na oksijeni. Baadhi hujimaliza zenyewe kwa utaratibu uliopewa jina la apoptosisi mwaka 1972. Katika utaratibu huo mitokondria, yaani vijiumbe vya ndani ya seli vinavyoipa nishati, huvujisha protini iitwayo saitokromu c, ambayo huamsha vimeng'enya vya jamii ya kaspasi, navyo hukatakata nguzo zinazoishikilia seli kwa ndani. Mojawapo ya nguzo hizo ni spektrini. Ikikatwa na kaspasi-3 huacha kipande cha kilodaltoni 120 (kilodaltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli). Ikikatwa na kalpaini, kimeng'enya kinachoamshwa na kalsiamu iliyofurika ndani ya seli, huacha cha 145. Vipande hivyo huingia katika maji yanayouzunguka ubongo na uti wa mgongo, hivyo anayeyapima hupata fununu si ya kufa kwa seli tu, bali hata ya namna zilivyokufa.

Hapo ndipo inapoibuka hofu ya sindano ya mgongo ya kutolea maji hayo, ambayo wengi huamini kwamba hupoozesha na kumkausha mgonjwa maji. Kwa mtu mzima, uti wa mgongo huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na sindano huchomwa chini ya hapo. Tena mwili hutengeneza takriban mililita 500 za maji hayo kwa siku, ilhali yaliyomo kwa wakati mmoja ni kama 150. Hata hivyo, kwa aliyeumia kichwa vibaya, yaani mwenye alama 8 au pungufu kati ya 15 za kipimo cha fahamu kiitwacho Glasgow, madaktari nao huiogopa sindano hiyo, ila kwa sababu nyingine: ubongo uliovimba unaweza kusukumwa kuelekea chini na kubana shina lake. Sampuli za utafiti kwa kawaida hutoka kwenye mrija uliopitishwa katika fuvu hadi kwenye chemba za ubongo ili kupunguza shinikizo. Maji yanayopaswa kuwa maangavu hushuka kwenye mfuko kando ya kitanda yakiwa na wekundu wa damu au umanjano, na bila utafiti yangemwagwa tu.

Wapo wanaodhani kwamba vipimo hivi humtabiri nani atapona. Viwango vikubwa vya vipande hivyo vya protini huambatana na matokeo mabaya wagonjwa wengi wanapolinganishwa, lakini kwa mtu mmoja mmoja havitoshi kutoa hukumu.

Dhana ya mwisho haikuwa ya mtaani, ilikuwa ya hospitalini: kwamba dawa za jamii ya steroidi zingetuliza uvimbe na kuokoa seli. Zilipojaribiwa kwa watu wazima 10,008, matokeo yaliyotangazwa mwaka 2004 yalionyesha kwamba waliopewa walikufa asilimia 21.1 katika wiki mbili, dhidi ya 17.9 kwa wasiopewa.

Kinachojulikana kuongeza vifo vya seli zilizosalia ni oksijeni kupungua na shinikizo la damu kushuka. Kwa hiyo aliyeanguka porini na kupoteza fahamu hanyweshwi maji wala hapakatwi katikati ya watu wawili kwenye pikipiki. Hulazwa ubavu, shingo ikiwa imenyooka, njia ya hewa ikiwa wazi, na damu inayotoka hugandamizwa kwa kitambaa safi tangu pale pale chini ya mti.