Ukitembea Husuni Kubwa, Kigae Kiache Kilipolala

Kila mwaka mvua za masika zinapokatika na njia za Kilwa Kisiwani kukauka, vikundi vya watembeaji kutoka Dar es Salaam, Lindi na Mtwara huongezeka, nasi tunalifurahia jambo hilo, kwa sababu mji huu wa kale haujulikani kwa picha bali kwa miguu. Hata hivyo, pamoja na wageni hao yameongezeka malalamiko yanayoifikia ofisi yetu ya mambo ya kale kutoka kwa wazee wa kijiji na kwa waongozaji: watu kupanda juu ya kuta, kukatisha katikati ya makaburi, kuvunja mikoko ili kufungua njia ya kupigia picha, na zaidi ya yote kuondoka kisiwani wakiwa na vigae, yaani vipande vya vyombo vya kale, mifukoni. Tunaamini kwamba wengi hufanya hayo kwa kutojua, na ndiyo maana tumeona ni vyema kuandika kabla ya kuchukua hatua nyingine.

Huenda neno “magofu” lenyewe limechangia kutupotosha, kwa maana gofu katika mazungumzo ya kila siku ni nyumba iliyotelekezwa, isiyo na mwenyewe. Majengo ya Kilwa Kisiwani yana mwenyewe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, pamoja na marekebisho yake, inahesabu kuwa malikale jengo lolote lililojengwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na vivyo hivyo kifaa chochote kilichotengenezwa kabla ya mwaka huo, kiwe kizima au kipande, kiwe cha dhahabu au cha udongo. Milango ya mbao iliyonakshiwa kabla ya mwaka 1940 nayo inalindwa na sheria hiyohiyo. Zaidi ya hayo, Kilwa Kisiwani na magofu ya kisiwa jirani cha Songo Mnara vimo katika Orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981, vikaingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na kuondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kuimarisha kuta na kuzuia mmomonyoko. Miaka kumi ya kuwa katika orodha ile haikuwa miaka ya raha kwa yeyote aliyehusika, na hatuna hamu ya kuirudia.

Anayevuka kutoka Kilwa Masoko kwa mashua hulikuta kwanza Gereza, ngome nyeupe iliyo ukingoni mwa maji. Wareno walijenga ngome mahali hapo mwaka 1505 na kuihama mwaka 1512. Sehemu kubwa ya jengo linaloonekana leo ni ya wakati wa Waomani, mwanzoni mwa karne ya 19, na upande mmoja umekwisha kuliwa na bahari. Wageni wengi husimama hapo na kuelezana kwamba palikuwa jela, kwa kuwa ndivyo neno linavyotumika sasa. Wataalamu wa lugha hulihusisha neno hilo na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Kutoka hapo njia hupita Msikiti Mkuu, msikiti mdogo wa makuba na kasri la Makutani, kisha huelekea mashariki kwa zaidi ya kilomita moja, katikati ya mashamba, vichaka na mibuyu, hadi Husuni Kubwa.

Jina husuni limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya ngome, lakini Husuni Kubwa ilikuwa kasri la kuishi na la biashara, lenye vyumba zaidi ya 100, nyua, maghala na birika la maji la pembe nane, juu ya jabali linalotazama bahari. Ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14, katika utawala wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yuleyule ambaye msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alimkuta Kilwa mwaka 1331 na kumsifu kwa ukarimu. Naomba jambo hili lieleweke mara moja kwa daima, kwa sababu tunalirudia kila wiki: Husuni Kubwa haikujengwa na Wareno. Wareno walipofika, jumba hili lilikuwa limekwisha kuhamwa kwa vizazi kadhaa, na inaonekana halikuwahi hata kukamilika. Jirani yake, ng'ambo ya bonde dogo, iko Husuni Ndogo, boma la mstatili lenye kuta nene na minara, ambalo matumizi yake hasa watafiti bado wanayajadili.

Baadhi ya watembeaji hupenda kupita pwani badala ya njia ya juu. Hatuwakatazi, ila wapige hesabu ya maji. Katika pwani hii tofauti ya maji kupwa na kujaa wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, huzidi mita 3, na ufuko uliokuwa mpana saa nne asubuhi huweza kuwa haupo kabisa saa tisa alasiri. Anayekutwa na maji chini ya jabali hujaribu kulipanda, na jabali lile ndilo linaloshikilia kuta za kasri. Kila jiwe linalong'oka kwa mguu wake linapunguza msingi. Muulize nahodha siku hiyo maji yanajaa saa ngapi. Nahodha anajua kuliko simu yako.

Kwa mtu anayetembea, kasri na mazingira yake ni kitu kimoja, na huu si usemi wa kupamba. Mawe ya kuta yalichimbwa katika mwamba wa matumbawe wa kisiwa hikihiki. Matumbawe laini yaliyonakshiwa kwenye mihrabu na vizingiti yalikatwa baharini yakiwa mabichi, yakachongwa kabla hayajakauka na kuwa magumu. Chokaa ilitokana na matumbawe yaliyochomwa juu ya lundo la kuni. Na mapaa yalibebwa na boriti za mikoko, ambazo kwa kawaida hazizidi sana mita 3, na ndiyo sababu vyumba vya majumba ya mawe ya pwani yetu ni virefu na vyembamba: fundi alikuwa akipima chumba kwa mti. Kwa hiyo anayetoka kwenye ua wa Husuni akashuka mikokoni kutazama ndege kama yangeyange na mdiria, au kaa, hajatoka kwenye eneo la historia. Yumo katika ghala la mafundi.

Mikoko hiyo hiyo leo ndiyo inayovunja nguvu ya mawimbi yasifike kwenye kuta, na sehemu kadhaa za pwani ya kisiwa zimepandwa upya kwa ajili hiyo. Vijiti vinavyochomoza matopeni kuzunguka mchu, mmoja wa miti ya mikoko, ni mizizi ya kupumulia. Ukivikanyagakanyaga mti unadhoofika. Kukata mikoko bila kibali ni kosa chini ya sheria za misitu, hata kama ni tawi moja la kutengenezea fimbo ya kutembelea, na kosa hilo hushughulikiwa na wenzetu wa misitu, kando na lolote linalohusu malikale. Mtu mmoja aweza kujikuta na mashauri mawili kwa matembezi ya siku moja.

Sasa nirudi kwenye vigae, ambavyo ndivyo hasa vilivyonifanya niandike. Njia ya kwenda Husuni imetapakaa vipande vya vyombo: vya udongo wa hapahapa vyenye mistari ya kuchorwa kwa ncha ya kijiti, vya Ghuba ya Uajemi vyenye mng'aro wa buluu na kijani, na vya kauri ya Kichina vyenye rangi ya kijani iliyofifia. Mgeni huona kipande kidogo kama ukucha na kujiambia kwamba vipo maelfu, kimoja hakitapunguza kitu. Lakini mtafiti hasomi kipande kimoja. Anasoma vipande vilivyolala pamoja, katika tabaka moja, kwa uwiano fulani. Uchimbaji wa mwanaakiolojia Neville Chittick katika miaka ya 1960 uliweza kuupangia mji huu nyakati zake kwa kutazama vigae na sarafu zilivyofuatana kutoka chini kwenda juu. Wageni wakichagua vile vya kung'aa pekee, kama wanavyofanya, wanaacha ushahidi wa uongo: baada ya miaka ishirini eneo litaonekana kama la watu ambao hawakuwahi kufanya biashara na Uchina.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa sarafu. Sarafu ya al-Hasan bin Sulaiman iliyopatikana Great Zimbabwe, mji wa kale wa mawe nchini Zimbabwe, inatuambia mengi kuhusu dhahabu ya bara na Kilwa kwa sababu tu inajulikana ilikotoka. Kwa upande mwingine, sarafu tano za Kilwa zilizookotwa na askari katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, mwaka 1944, hadi leo hubishaniwa zilifikaje huko, kwa kuwa ziliondolewa mchangani kabla hajapatikana mtu wa kuangalia zililala na nini. Sarafu ni zilezile, shaba ileile. Tofauti ni mahali.

Utaratibu, basi, ni huu. Mgeni huanzia Kilwa Masoko, kwenye ofisi ya mamlaka inayosimamia hifadhi, ambako huandikishwa, hulipa kiingilio kwa namba ya malipo ya serikali na kupewa stakabadhi. Fedha hazikabidhiwi mtu mkononi, wala ufukweni, wala ndani ya mashua. Stakabadhi hiyo haitupwi, kwa kuwa huweza kuulizwa tena kisiwani. Mgeni huambatana na mwongozaji. Ukiona kitu unachodhani ni cha pekee, kama sarafu, ushanga, maandishi yaliyochongwa kwenye jiwe au mfupa uliojitokeza baada ya mvua, usikiguse, usikisafishe, usikimwagie maji ili kisomeke kwenye picha. Piga picha kilivyo, weka alama ya mahali, umwonyeshe mwongozaji, naye ataijulisha ofisi. Sheria inamtaka anayegundua malikale atoe taarifa bila kuchelewa, na taarifa hiyo haimgharimu kitu. Anayetaka kuchimba, hata shimo la kiganja, anahitaji leseni ya uchimbaji, na leseni hiyo hutolewa kwa mtu mwenye ujuzi na taasisi nyuma yake. Anayetaka kusafirisha malikale nje ya nchi anahitaji kibali cha kusafirisha. Bila kibali hicho kitu kitazuiwa uwanja wa ndege au bandarini, mwenye mzigo ataandika maelezo, kitu kitahifadhiwa kama kielelezo, na shauri likifika mahakamani adhabu yaweza kuwa faini, kifungo au vyote viwili, pamoja na kitu chenyewe kutaifishwa. “Niliokota tu” si utetezi. Kuokota ndilo kosa lenyewe. Wenye kamera za kuruka, yaani ndege zisizo na rubani, nao wakumbuke kwamba kiingilio cha hifadhi si kibali cha kurusha. Hicho huombwa kwa mamlaka za usafiri wa anga kabla ya safari.

Kuna kundi jingine ambalo, nakiri, hunipunguzia uvumilivu. Hao ni wanaokuja usiku na sululu kutafuta mali ya Mjerumani, au zebaki, au dhahabu ya sultani, wakiongozwa na ramani waliyouziwa. Wajerumani hawakuishi Husuni Kubwa. Sakafu ya chokaa iliyodumu kwa karne karibu saba hupasuliwa kwa saa moja, na kinachopatikana chini yake ni kifusi, kwa sababu mafundi walijaza kifusi ili kusawazisha sakafu. Hayo tumeyaeleza mikutanoni, tumeyaeleza shuleni, na bado mashimo tunayakuta.

Tunaulizwa pia kwa nini tusizipige kuta saruji na kumaliza kazi. Saruji ni ngumu kuliko matumbawe na haipitishi unyevu. Chumvi hunaswa nyuma yake, hulifanya jiwe la kale lioze kwa ndani, kisha saruji hubanduka na jiwe pamoja. Ndiyo maana ukarabati hufanywa kwa chokaa, polepole, na mafundi wa Kilwa wanaoijua. Kuhusu miti iliyoota juu ya kuta, usiing'oe kwa wema wako: mzizi uliopenya ukutani ukivutwa, unatoka na ukuta. Kuta zenyewe si ngazi. Birika la Husuni nalo si jukwaa, na kingo zake hazikukusudiwa kubeba vijana kumi wakiruka pamoja.

Kisiwa kina kijiji chenye watu wake, na makaburi mengine unayopita bado yanazuriwa na kuombewa dua. Pita kwenye njia, vaa nguo za heshima, toa salamu kwanza kabla ya kuinua kamera, na mtu akisema hapana, basi ni hapana.

Ikiwa tayari unacho nyumbani kigae ulichochukua miaka iliyopita, usikirudishe mwenyewe kwa kukitupa popote kisiwani, maana hapo utakuwa umevuruga mara ya pili. Kifunge kwenye karatasi, andika ulikiokota karibu na jengo gani, upande upi na mwaka gani kadiri unavyokumbuka, kisha kilete ofisini Kilwa Masoko siku utakayokuja tena. Maelezo yakiwa ya mistari miwili tu, yanatosha kukipatia kigae hicho sanduku lake.