Neno "si" na undugu wa lugha

Chukua silabi moja tu: si. Mswahili akiitamka anakana: "Huyu si mgeni." Mwitalia akiitamka anakubali, kwani kwake sì ni ndiyo. Kwa Mfaransa ni "kama", ile ya sharti: kama mvua itanyesha. Kwa Mchina, sauti ikishuka kwa nguvu ni nne, na ikididimia chini kisha kupanda ni kufa.

Lugha zote hizi zimesikika Nyanda za Juu Kusini. Wamisionari Waitalia wa Consolata waliweka makazi Tosamaganga, karibu na Iringa. Mafundi wa Kichina walijenga reli ya TAZARA inayopita Mbeya katika miaka ya 1970. Madereva wa Lubumbashi, Kongo, wanaokwenda bandari ya Dar es Salaam hupita Tunduma, na wengi wao wanajua Kifaransa pamoja na Kiswahili chao.

Tuanze na si ya nyumbani, maana hata hiyo haina maana moja. Ikisimama peke yake hukana jina au sifa: mimi si mwalimu, si mbali. Ikibandikwa mwanzoni mwa kitenzi hubeba mambo mawili kwa pamoja, yaani nafsi ya msemaji na ukanushi: sijui, sitaki. Ikiingia katikati hukataza au huondoa: usiende, asiyelima. Kisha kuna "Si nilikwambia!", ambayo haikani chochote, inathibitisha. Kosa tunalolikuta kila siku ni kuandika "si jui" kwa maneno mawili. Kipimo ni rahisi: ikifuatwa na kitenzi kisicho na kiambishi kingine cha mtendaji, bandika; ikifuatwa na jina au kivumishi, achanisha.

Kifaransa kina si mbili. Ile ya sharti ilitoka katika si ya Kilatini. Ya pili ilitoka katika sic ya Kilatini, "hivyo", ambayo ndiyo iliyozaa pia sì ya Kiitalia na sí ya Kihispania. Hii ya pili hutumika kupinga swali lililoulizwa kwa kukana, na hapo ndipo watu hupotezana. Ukimuuliza Mswahili "Hujala?", akijibu "Ndiyo", ana njaa: anakubaliana na ulivyosema, hajala. Ukimuuliza Mfaransa swali hilohilo kwa Kifaransa, akajibu "Si", ameshiba. Sikio la Kiswahili linasikia ukanushi, linahitimisha kwamba hajala. Anayefanya kazi mpakani na anayeulizia karatasi za mzigo aepuke kabisa kuuliza "Hamjalipa?" Aulize "Mmelipa?" Swali lisilo na ukanushi halina mtego huo.

Kichina nacho kina mtego wa maandishi. Tukiona "si" katika herufi za Kirumi tunaisoma kwa i yetu, kumbe hiyo si i. Ulimi hubaki palepale ulipotamkia s, sauti ya koo ikaendelea kuvuma. Silabi ya Kichina iliyo karibu zaidi na si yetu huandikwa "xi". Na bila toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, neno halijakamilika: sī ya juu iliyonyooka yaweza kuwa hariri, sǐ ni kufa, sì ni nne. Ukaribu wa nne na kifo katika matamshi umefanya majengo mengi ya Kichina yaruke namba 4 katika ghorofa.

Kwa nini silabi moja itumiwe na lugha nyingi hivyo? Kwa sababu sauti ambazo kinywa huzipenda ni chache. Kiswahili kina irabu 5. Ukizizidisha kwa konsonanti zetu, silabi za konsonanti moja na irabu moja hazifiki hata 150. Kila lugha inahitaji maneno mafupi kwa kazi za kila dakika, na s na i zimo karibu kila mahali. Yakigongana, ni bahati tu.

Tunasisitiza hili kwa sababu historia za koo na makabila ya huku zinaandikwa sasa, na nyingine zinadai asili ya mbali, Misri au Israeli, kwa ushahidi wa maneno mawili matatu yanayofanana. Ushahidi huo haubebi mzigo huo. Wambabaram wa Queensland, Australia, walimwita mbwa "dog", sawasawa na Waingereza, na lugha hizo hazina undugu wowote unaojulikana. Jirani zao Wayidiny husema "gudaga". Neno la Kimbabaram ni lilelile lililopoteza mwanzo wake na mwisho wake.

Undugu wa kweli huonekana katika tofauti zinazojirudia. Kiswahili kina mtu na kitu. Kinyakyusa kina umundu na ikindu. Kihehe kina munu na kinu. Penye t upande mmoja pana nd upande wa pili na n upande wa tatu, neno baada ya neno. Na tazama: kinu cha Kihehe ni kitu, kinu cha Kiswahili ni cha kutwangia. Maneno yanayofanana kabisa hayahusiani, na yasiyofanana ndiyo ndugu.

Anayekusanya maneno kwa wazee aanze na orodha ya maneno 100 ya msingi aliyoiandaa Mmarekani Morris Swadesh: viungo vya mwili, maji, moto, kula, kulala. Aondoe kwanza yaliyokopwa, kama shule kutoka Kijerumani na meza kutoka Kireno. Kila neno aliandike ndani ya sentensi, pamoja na jina la kijiji, na amrekodi msemaji akilitamka mara tatu. Kinyakyusa kina irabu 7, na Kihehe kina toni. Herufi tano za irabu zetu peke yake zitaficha tofauti ambazo mzee amezitamka waziwazi.